Maswali ya Wasomaji: Waziri, Gavana, Kamishna na Kadhi, Kila Mmoja Amesimama Wapi?

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Tangu tutangaze kwamba ukurasa huu utachukua maswali juu ya mpangilio wa serikali ya Kenya, tumepokea mengi kuliko tunavyoweza kuyajibu, na sehemu kubwa yametoka hapa hapa Mombasa, mji ambao serikali kuu na serikali ya kaunti hukutana bandarini, kivukoni, hospitalini na hata kwenye bomba la maji. Tumechagua yanayogusa wengi na kuyafupisha bila kuyapotosha. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Swali: Bwana Mhariri, assalamu alaykum. Sisi wazee tulizoea kwamba waziri ni mbunge aliyepata bahati. Ulimchagua mtu wako, na baada ya siku chache ukamwona anapeperusha bendera kwenye gari. Siku hizi mawaziri hutoka wapi? Na kwa nini wizara hubadilishwa majina kila tukigeuka? *Mzee wa Majengo*

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, mzee wetu. Mfano mzuri wa unayoyasema tunao mjini mwetu. Bwana Najib Balala alikuwa Mbunge wa Mvita na wakati huo huo waziri katika serikali ya Rais Mwai Kibaki. Hiyo ndiyo sura uliyoizoea. Baada ya uchaguzi wa 2013 alirudi katika Baraza la Mawaziri, kwanza akiwa Waziri wa Madini na baadaye wa Utalii, lakini safari hiyo hakuwa mbunge wa mahali popote. Kilichobadilika katikati ni Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, ambayo katika Kifungu cha 152 inakataza waziri kuwa mbunge. Rais humteua amtakaye kutoka nje ya Bunge, jina lake hupelekwa katika Bunge la Kitaifa, na huko huhojiwa na Kamati ya Uteuzi inayoongozwa na Spika, jambo ambalo magazeti yetu huliita kupigwa msasa. Mbunge akiutaka uwaziri, hana budi kukiacha kiti chake.

Katiba hiyo hiyo iliweka mipaka ya idadi. Mawaziri hawawezi kupungua 14 wala kuzidi 22, na pamoja nao katika Baraza huketi Rais, Naibu wa Rais na Mwanasheria Mkuu. Kikomo hiki hakikuwekwa kwa kubahatisha: serikali ya mseto iliyoundwa Aprili 2008 ilikuwa na mawaziri 40, mbali na wasaidizi wao, na wananchi walikuwa wamechoka kulipia msururu huo.

Ama majina ya wizara, hapo Katiba imenyamaza kwa makusudi. Haikutaja wizara hata moja itakayokuwapo daima. Imempa Rais jukumu la kuelekeza na kuratibu kazi za wizara, naye hulitekeleza kwa agizo la maandishi linaloorodhesha wizara, idara zilizo chini yake, taasisi zake na sheria ambazo kila wizara inazisimamia. Agizo hilo ndilo ramani halisi ya serikali, na kila Rais mpya, na mara nyingine Rais yule yule akibadilisha nia, huichora upya. Tazama utalii, ambao unatulisha sisi wa Pwani. Mwaka 2013 uliwekwa katika wizara moja na biashara na masuala ya Afrika Mashariki. Mwaka 2015 ukapewa waziri wake. Mwaka 2018 ukaunganishwa na wanyamapori. Mwaka 2022 ukaongezewa turathi. Na mwaka uliofuata turathi zikaondolewa. Wenye hoteli wa Nyali na waongoza watalii wa Ngome ya Yesu hawakubadilisha kazi hata siku moja, ila afisi wanayoiandikia imekuwa ikibadilisha kibao. Sisi twaona mtindo huu una gharama kubwa kuliko rangi ya kibao kipya, kwa sababu faili huhama, maafisa huhama, na mwananchi aliyeanza shauri lake kwenye wizara ya jana hulazimika kuanza upya.

Kinachodumu kidogo ni idara ya serikali, ambayo ndiyo tofali la kujengea wizara. Wizara moja yaweza kuwa na idara moja, mbili, tatu au zaidi, na kila idara husimamiwa na Katibu wa Wizara. Katika mpangilio wa 2023, kwa mfano, Wizara ya Usalama wa Ndani ilikuwa na idara ya usalama na utawala, idara ya uhamiaji na huduma kwa raia, na idara ya magereza. Wizara ya Elimu ilikuwa na ya elimu ya msingi, ya vyuo vya ufundi, na ya elimu ya juu. Katibu hapatikani kama waziri. Tume ya Utumishi wa Umma hutangaza nafasi, huwahoji waombaji na kumpelekea Rais majina. Rais huteua kutoka humo, na Bunge la Kitaifa huidhinisha. Yeye ndiye anayewajibika kwa matumizi ya fedha za idara, na ndiye anayeitwa na kamati ya Bunge hesabu zinapokataa kulingana. Waziri husema serikali itafanya nini. Katibu hutia sahihi malipo. Mzee, ukiwa na jambo la kiutendaji, barua yako ielekeze kwa Katibu.

Kulitokea jaribio la kuongeza ngazi nyingine katikati, ya Mawaziri Wasaidizi 50, lakini Julai 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuundwa kwa nafasi hizo kulikiuka Katiba. Na kwamba uwaziri si mali ya mtu kulionekana wazi tarehe 11 Julai 2024, pale Rais William Ruto, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, alipowafuta kazi mawaziri wote isipokuwa mmoja, na Mwanasheria Mkuu pamoja nao. Hakuhitaji idhini ya Bunge kuwafuta. Aliihitaji kuwaweka wengine.

Swali: Naishi Likoni na kila asubuhi navuka feri kwenda kazini kisiwani. Feri hii ni ya gavana au ya Rais? Na bandari je? Rafiki yangu ambaye ni kuli aniambia ina wizara zaidi ya moja. *Mvukaji wa kila siku, Likoni*

Jibu: Ndugu yetu, umegusa mahali ambapo maandishi na vitendo havijapatana. Jedwali la Nne la Katiba ndilo linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, na katika orodha ya kaunti, chini ya uchukuzi, vimetajwa vivuko na bandari, isipokuwa udhibiti wa safari za meli za kitaifa na za kimataifa. Anayesoma maneno hayo akiwa amesimama gatini Likoni atasema feri ni ya kaunti. Lakini feri za Likoni zimeendelea kuendeshwa na shirika la serikali kuu, na bajeti yake hupangwa Nairobi. Kuna njia ya kisheria ya kuliweka sawa jambo kama hili, kwani Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuihamishia nyingine kazi yake kwa makubaliano, kama Kaunti ya Nairobi ilivyofanya Februari 2020 ilipoikabidhi serikali kuu baadhi ya majukumu ya kaunti. Kwa maoni yetu, maneno ya Jedwali yana uzito kuliko mazoea, na wawakilishi wetu wangepaswa kulisema hili kwa sauti kubwa zaidi. Mpaka hapo, malalamiko juu ya feri yapeleke kwa shirika lenyewe na kwa wizara ya uchukuzi, si kwa afisi ya wadi.

Bandari ya Kilindini haina utata huo. Ni ya serikali kuu kupitia Halmashauri ya Bandari, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1978. Halmashauri kama hii si idara ya wizara. Ni shirika la umma lenye bodi yake, na chini ya Sheria ya Mashirika ya Umma mwenyekiti huteuliwa na Rais, wanachama wengine huteuliwa na waziri, na Katibu wa wizara husika pamoja na yule wa Hazina Kuu wana viti vyao. Waziri hutoa mwelekeo wa sera, bodi husimamia, na mkurugenzi huendesha kazi za kila siku. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, ingawa simu kutoka juu haijawahi kuheshimu ngazi.

Rafiki yako kuli yuko sahihi, tena angeweza kutaja wizara nyingi kuliko mbili. Lifuate kontena moja la mbegu za mahindi tangu meli inapofunga gati. Winchi inayolishusha ni ya Halmashauri ya Bandari, iliyo chini ya wizara ya uchukuzi. Ushuru wake hutozwa na Mamlaka ya Ushuru, ambayo huwajibika kwa Hazina Kuu. Mbegu hukaguliwa na shirika la afya ya mimea lililo chini ya wizara ya kilimo, na bidhaa nyinginezo huangaliwa na shirika la viwango lililo chini ya wizara ya biashara na viwanda. Maafisa wa afya ya bandari ni wa Wizara ya Afya, na wa uhamiaji wanaowapokea mabaharia ni wa Usalama wa Ndani. Usalama wa meli yenyewe na vyeti vya mabaharia viko mikononi mwa mamlaka ya masuala ya baharini, ambayo katika mpangilio wa sasa iko katika Wizara ya Madini, Uchumi wa Majini na Masuala ya Baharini, wizara ambayo Agosti 2024 alikabidhiwa Bwana Hassan Joho, gavana wa kwanza wa kaunti yetu. Lori likishatoka langoni na kuegeshwa kando ya barabara ya mtaani, anayekuja kudai ada ya maegesho ni wa kaunti. Mfanyabiashara anapolalamika kwamba mzigo umekwama bandarini, swali la kwanza la kumuuliza ni umekwama kwa nani.

Swali: Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Kisauni. Mwalimu alitufundisha kwamba serikali ina mihimili mitatu. Ikiwa Rais ndiye mkuu wa nchi, si yeye basi ndiye mkuu wa mihimili yote mitatu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hapana, na jibu linaanzia katika Kifungu cha kwanza kabisa cha Katiba, kinachosema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, kisha kikayakabidhi kwa Bunge na mabaraza ya kaunti, kwa watendaji wa serikali kuu na wa kaunti, na kwa Mahakama. Kila mhimili umepokea mamlaka yake moja kwa moja kutoka kwa wananchi; hakuna uliopewa na mwenzake. Rais ni Mkuu wa Nchi na wa Serikali, yaani mkuu wa mhimili wa utendaji, na heshima yake kama alama ya umoja wa taifa haimpi kiti cha Spika wala cha Jaji Mkuu.

Bunge lina nyumba mbili. Bunge la Kitaifa lina wabunge 290 wa maeneo bunge, ambayo sita kati yake ni yetu (Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Jomvu na Changamwe), wawakilishi 47 wa wanawake na wabunge 12 wa kuteuliwa. Seneti ina maseneta 47 waliochaguliwa na 20 walioteuliwa, nayo kazi yake hasa ni kulinda maslahi ya kaunti.

Mihimili hii haikutenganishwa ili isionane. Imefungwa pamoja kwa namna ambayo kila mmoja unaweza kuuzuia mwingine, na miaka ya karibuni imetupa mifano mingi kuliko vitabu vya shule. Bunge lilipitisha Mswada wa Fedha wa 2024, na tarehe 26 Juni mwaka huo Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Oktoba 2024 Bunge la Kitaifa lilipiga kura ya kumwondoa Naibu wa Rais, Bwana Rigathi Gachagua, na Seneti ikalithibitisha jambo hilo ingawa yeye mwenyewe hakutoa ushahidi, kwani alikuwa amelazwa hospitalini. Rais hangeweza kumfuta kazi kwa barua kama anavyomfuta waziri, kwa sababu alichaguliwa pamoja naye kwa kura. Hata waziri anaweza kufikiwa na wabunge: robo ya wabunge wote wakiunga mkono, hoja ya kumwondoa huwasilishwa, theluthi wakiipitisha, kamati ya watu 11 huchunguza madai. Hilo lilimfika Waziri wa Kilimo Mei 2024, na kamati ikaona madai hayakuthibitishwa, shauri likaishia hapo.

Mahakama ndiyo mhimili usio na jeshi wala mkoba, na kwa sababu hiyo Katiba iliuzungushia ua imara zaidi. Majaji hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama baada ya mahojiano ya hadharani, na Rais huwateua; kwa Jaji Mkuu na naibu wake, Bunge la Kitaifa nalo lazima liidhinishe. Je, Rais anaweza kuyakataa majina? Tume ilipendekeza majaji 41 mwaka 2019. Rais Uhuru Kenyatta akakaa nayo hadi Juni 2021, akawateua 34 na kuwaacha sita, mmoja akiwa ameshafariki. Mrithi wake aliwateua hao sita Septemba 2022, mara tu alipoingia madarakani. Wakati huo wote kesi zilikuwa zikirundikana, na sisi twaona ule ulikuwa ukaidi tu. Na ikiwa unataka siku moja ya kukumbuka katika mtihani, kumbuka tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu yenye majaji saba ilipobatilisha uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani na kuamuru urudiwe.

Nje ya mihimili mitatu kuna tume na afisi huru. Wapo wanaoziita mhimili wa nne, ingawa Katiba haisemi hivyo. Tutazifikia mbele.

Swali: Mimi ni mjane, mkaazi wa Mji wa Kale. Mirathi ya marehemu mume wangu iko kwa kadhi. Mwanangu aniambia kadhi si serikali bali ni mambo ya dini. Ni kweli?

Jibu: Pole sana, mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwanao amekosea kidogo. Mahakama ya Kadhi ni mahakama ya Jamhuri, imetajwa katika Kifungu cha 170, na kadhi huajiriwa na Tume ile ile inayoajiri mahakimu. Imewekwa katika safu ya mahakama za chini, pamoja na za mahakimu na za kijeshi, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu.

Asili yake ni historia ya pwani yetu. Ukanda wa maili kumi ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiutawala kwa niaba yake kwa kumlipa kodi ya kila mwaka tangu 1895, na uliingia Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na mwenzake wa Zanzibar, Mohammed Shamte. Mojawapo ya ahadi za Kenya ilikuwa kwamba mahakama za kadhi zitaendelea kuwapo.

Lakini mamlaka yake yana mipaka, na hapo ndipo ninapokuomba uwe makini. Kadhi husikiliza masuala ya hadhi ya mtu kisheria, ndoa, talaka na mirathi, pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa naye. Iwapo katika mali ya marehemu kuna kiwanja kinachodaiwa na mtu wa nje ya familia, kwa mfano mpangaji asemaye alikinunua, shauri hilo la umiliki ni la Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina hadhi sawa na Mahakama Kuu na ina majaji wake hapa Mombasa. Mashauri mawili yanaweza kwenda sambamba, na ni vyema wakili aambiwe mapema.

Swali: Hapa kwetu Changamwe kuna chifu, kuna msimamizi wa wadi, kuna kamishna na kuna gavana. Kati ya kamishna na gavana, nani mkubwa?

Jibu: Hakuna aliye mkubwa kwa mwenzake, kwa sababu hawamo katika ngazi moja. Kifungu cha 6 kinasema serikali kuu na za kaunti ni tofauti na zinategemeana, nazo hutakiwa kufanya kazi kwa kushauriana. Gavana amechaguliwa na wapiga kura wa Mombasa, na chini yake wamo mawaziri wa kaunti, wasimamizi wa kaunti ndogo na wa wadi. Bunge la kaunti, lenye wawakilishi wa wadi zetu 30 na wale wa kuteuliwa, ndilo linalomhoji, na likipiga kura ya kumwondoa, Seneti ndiyo huamua.

Kamishna wa kaunti ni mtumishi wa serikali kuu, chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, na kazi yake ni kuratibu shughuli za serikali hiyo katika eneo letu. Chini yake wamo manaibu kamishna, machifu na manaibu wa chifu. Huo ndio ule utawala wa mikoa wa zamani, wenye Mkuu wa Mkoa wa Pwani aliyekaa hapa Mombasa na wakuu wa wilaya. Katiba mpya iliagiza urekebishwe ulingane na ugatuzi ndani ya miaka mitano, ukapewa sheria mpya mwaka 2013, na kwa macho ya mwananchi umebaki vile vile ila kwa majina. Barua ya kitambulisho utaipata kwa chifu. Leseni ya duka, taka za mtaani na taa za barabarani ni za kaunti.

Polisi ni jambo jingine. Hawamsikilizi gavana wala kamishna katika upelelezi. Wako chini ya Inspekta Jenerali, na hata waziri mwenyewe amekatazwa na Katiba kumwelekeza ni nani akamatwe au achunguzwe. Askari wa kaunti, ambao watu bado huwaita kanjo, ni wa kutekeleza sheria ndogo za kaunti tu.

Swali: Maji hayaji, dawa Makadara hakuna, na walimu wa shule ya msingi hawatoshi. Haya yote ni kazi ya nani? *Mama wa watoto watatu, Tudor*

Jibu: Dada yetu, ni ya watatu tofauti. Bomba la mtaani kwako ni la kampuni ya maji inayomilikiwa na kaunti. Lakini Mombasa haina chemchemi ya kuitosheleza. Maji yake hutoka Mzima iliyoko Taita Taveta, Baricho iliyoko Kilifi, na Marere na Tiwi zilizoko Kwale, na mabomba hayo makubwa yako mikononi mwa shirika la serikali kuu la huduma za maji za Pwani, ambalo huyauza kwa jumla kwa kampuni za kaunti. Mfereji ukikauka mtaa mmoja, ulizeni kampuni. Ukikauka kisiwa kizima na Likoni pia, tatizo pengine liko juu zaidi.

Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji twaiita Makadara, ni ya kaunti, na wahudumu wake wengi huajiriwa na kaunti. Sera ya afya ni ya wizara iliyoko Nairobi, bima ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024 ni ya serikali kuu, na ghala la dawa ambalo kaunti hununua kwalo ni shirika la serikali kuu. Kwa hiyo kabati likiwa tupu, aliyechelewa huenda ni kaunti kulipa, au ghala kuleta, au bima kurudisha fedha.

Walimu wa msingi si wa wizara wala wa kaunti. Wameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, iliyo huru chini ya Kifungu cha 237. Wa chekechea ndio wa kaunti.

Swali: Mkuu wa Mawaziri ni sawa na Waziri Mkuu?

Jibu: La. Wadhifa ambao Bwana Musalia Mudavadi alipewa mwaka 2022 haumo katika Katiba. Umetokana na agizo la Rais, naye kisheria ni mmoja wa mawaziri. Waziri Mkuu aliyekuwapo kati ya 2008 na 2013, Bwana Raila Odinga, aliwekwa na sheria iliyotokana na mapatano ya baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, akawa na mamlaka ya kuratibu serikali.

Swali: Ufunguo wa pesa uko kwa nani? Na mwananchi wa kawaida anaweza kudai aonyeshwe hesabu? *Mfanyabiashara wa soko la Kongowea*

Jibu: Ufunguo umekatwa vipande, na hiyo ndiyo sehemu ya Katiba tunayoipenda zaidi. Hazina Kuu huandaa makadirio na kuyafikisha Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia tarehe 30 Aprili. Bunge hugawa mapato kati ya serikali kuu na kaunti, na fungu la kaunti haliwezi kupungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Hapa ndipo pana hila ambayo wengi hawaijui: hesabu hizo zikichelewa kukubaliwa, kipimo kinakuwa cha miaka iliyopita, mapato yalipokuwa madogo. Namna ya kugawana fungu hilo baina ya kaunti 47 hupendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kuamuliwa na Seneti pamoja na Bunge la Kitaifa.

Fedha zikishagawanywa, hazitoki benki kwa sahihi ya waziri au gavana peke yake. Msimamizi wa Bajeti lazima aridhike kwamba sheria imefuatwa, na asiporidhika hukataa. Baada ya matumizi huja Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, anayepewa miezi sita tangu mwaka wa fedha kwisha kukagua na kutoa ripoti, kisha Bunge au bunge la kaunti lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Mkaguzi huyu huhudumu muhula mmoja tu wa miaka minane, ili asiwe na wa kumbembeleza amwongezee. Ripoti zake hutolewa kwa umma, zikiwamo za Kaunti ya Mombasa, na tungekushauri uzisome kabla ya kusikiliza mkutano wowote wa kisiasa Kongowea.

Ukihitaji karatasi ambayo haikuchapishwa, kwa mfano mkataba wa ukarabati wa soko lenu, itumie Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika kwa afisi inayoishika karatasi hiyo, eleza unachotaka bila kulazimika kutaja sababu, nayo ina siku 21 za kujibu, au saa 48 iwapo uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Wakikunyima, peleka malalamiko kwa tume inayoshughulikia haki katika utawala wa umma. Na maombi hayo, kwa mujibu wa sheria yenyewe, unaweza kuyaandika kwa Kiswahili.